Sura Iliyoshonwa

Jumamosi, 5 Julai

Gundi haijakauka. Nilimwambia Mama Asha tusinunue ile ya kopo jekundu, hakusikia. Ngazi imelala upande kama mlevi, na sisi tumekaa tunaitazama kama ndugu zake.

Amefika asubuhi kutoka kwake Kwedizinga, kule Handeni, na fungu la miti ya mkonge, ile mikavu inayobaki shambani mmea ukishatoa maua. Hakuna mti unaokatika vizuri kama huo. Wembe unapita kama kwenye papai bivu. Babu yangu aliletwa Korogwe kukata mkonge wa watu. Mimi naukatia nyumba za watu ambao hawapo.

Hii ni nyumba ya saba. Kipimo ni kilekile: mita moja ya nyumba, sentimita mbili za boksi. Mlango usiozidi kidole cha kati. Kiti cha kukalia nzige.

Leo alisoma yeye, nikakata mimi. Mama Asha anasoma kwa sauti za watu: mpishi ana sauti yake, daktari ana yake, polisi anakohoa. Mimi nikisoma ni kama naita mahudhurio, mwenyewe najua. Kitabu hakina jalada, tulikipata kwa muuza vitabu vya mitumba pale stendi. Tajiri wa pamba kakutwa amekufa chumbani kwake, ghorofani. Komeo limefungwa kwa ndani. Dirisha lina nondo. Nyumbani walikuwamo watano: mke mdogo, binamu, karani, daktari, mpishi. Tumefika sura ya tisa na kila mmoja ananuka uongo.

Siku nzuri. Naandika ili nisisahau kuwa zipo.

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Mwalimu Hoza, mtu wa Bungu, kaniuliza mbele ya wote ofisini kama likizo nimecheza nyumba-nyumba na mwenzangu. Wakacheka. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, hana mume, hana mtoto, anakata maboksi.

Hoza likizo nzima alitazama mpira.

Jumamosi, 12 Julai

Tumemaliza sura ya kumi na nne. Imebaki ya mwisho. Tumeishona.

Huo ndio utaratibu wetu tangu nyumba ya kwanza. Sura ya mwisho hatuisomi. Tunachukua sindano ya blanketi na uzi mweusi, tunashona kurasa pembeni, tunafunga fundo. Halafu tunamalizia nyumba jinsi mwandishi alivyoieleza, tunawaweka watu wa udongo pale walipodai walikuwa, tunaangalia nani angeweza kupita wapi. Waandishi wengine hawajui hata ngazi zao zinaelekea upande gani. Nyumba ikisimama, uongo unaonekana. Mwisho kila mmoja anampandisha mtu wake juu ya paa. Huyo ndiye mshtakiwa. Ndipo tunafumua uzi na kusoma pamoja. Aliyekosea anapika kuku.

Kuku sita nimepika mimi. Wote sita. Mama Asha hajawahi kukosea. Nyumba ya kwanza nilisema bahati. Ya tatu nikasema ana jicho. Ya sita nilimwambia angekuwa polisi, nchi hii ingekosa wezi. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Kitabu kakichukua yeye, kama kawaida. Nilitaka mwenyewe iwe hivyo. Mimi nikikaa na sura iliyoshonwa usingizi haunijii, mkono unawasha. Yeye ana mume, ana shamba, ana wajukuu, hana muda wa kuwashwa.

Yeye anajenga juu, mimi chini. Tarehe mbili nampelekea kwake, tunaunganisha.

Jumatano, 23 Julai

Nimetoka kuchimba udongo wa kichuguu nyuma ya uwanja wa mpira. Mwanafunzi wa darasa la nne kaniona. Kesho shule nzima itajua Mwalimu Felista anachimba dawa.

Karani ametoka vizuri, mabega yameshuka kama mtu aliyechoka kuandika. Daktari nimemnyima shingo. Simpendi. Kila sura anaosha mikono.

Watu wa ofisini wana vikoba, wana harusi, wana kwaya. Mimi nina Jumamosi. Nyingine zote ni siku za kungojea hiyo.

Jumamosi, 2 Agosti

Kwedizinga. Nyumba ya chini nimeisafirisha mapajani, nimeifunika kwa kanga kama mtoto mgonjwa. Kondakta kaniuliza anaendeleaje.

Ghorofa imekaa juu ya nyumba yangu bila kusukumwa. Hata upana wa uzi haukupungua. Mama Asha kajenga kule, mimi huku, hatukupimana, na imekaa. Nilitaka kulia, nikasifia mihogo yake badala yake.

Kosa moja tu. Kitabu kinasema wazi: nyumba ya mawe, kuta nene, kelele hazipiti. Kuta zote tunafanya boksi mara mbili, tumekubaliana. Nilipokuwa namsaidia kubandika kabati la nguo chumbani kwa tajiri, ukuta wa nyuma yake ukabonyea kidoleni. Manila tupu. Karatasi moja.

Nikamwambia umekosea hapa. Akasema boksi lilimwishia.

Chini ya kitanda chake nimeona maboksi ya sabuni yamepangwa mpaka yanagusa godoro. Pengine ni ya mtu. Sikusema. Mtu hapigiwi kelele nyumbani kwake kwa ajili ya ukuta.

Mume wake, Mzee Ramadhani, katupitia akatoka. Nilimwamkia, akaitika, akatazama nyumba, akasema kwa Kizigua kitu ambacho mkewe hakunitafsiria. Nilijua kinatuhusu. Sikuumia. Tulikuwa wawili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wamekwenda kwenye maonyesho kuangalia ng'ombe. Nimeshinda ndani nikisoma upya sura niliyonakili ya chumba cha tajiri.

Ni daktari. Komeo lilifungwa na yeye mwenyewe alipojifanya anavunja mlango. Nina uhakika. Safari hii kuku atapikwa Kwedizinga na nitakula paja.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefungua, hapa kwangu.

Mimi nilimweka daktari juu ya paa. Mama Asha akamweka karani. Hakufikiri, hakuzunguka nyumba, hakupiga magoti achungulie dirishani kama ninavyofanya mimi. Alimchukua karani kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake.

Zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Akafumua uzi, akanipa.

Tajiri alikuwa na ukumbi mkubwa ghorofani. Akaugawa vyumba viwili kwa siri yake na fundi, kwa ubao mwembamba uliopakwa chokaa ufanane na mawe, kwa sababu alikuwa bahili na hakutaka watu wajue. Aliyesimamia kazi hiyo ni karani. Chumba cha pili alilala karani. Usiku ule aling'oa misumari nyuma ya kabati, akapita, akarudi, akapigilia.

Nilisoma mstari ule mara mbili. Ukuta wa nyuma ya kabati. Kidole changu kilikumbuka kabla yangu.

Sura zote kumi na nne zinasema mawe. Hakuna mahali, hata nusu sentensi, panaposema ukuta ule ni laini. Nimezisikia kwa sauti yake, nimezisoma kwa sauti yangu mbaya, neno kwa neno. Hakuna. Ni sura ya mwisho tu inayosema.

Na yeye aliukata wa manila wiki mbili zilizopita.

Mama Asha alipiga makofi. Akasema, “Karani! Si nilikuambia?” Nikasema umeniambia. Nikaenda uani kuchinja kuku wa saba. Nilimchinja vibaya. Tukala. Akasifia mchuzi. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nikambebea begi.

Sikusema neno. Najidharau kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Jumapili, 17 Agosti

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu kuta.

Niliporudi nikazishusha nyumba zote sita kutoka juu ya kabati. Wanasema ukimchunguza sana bata humli. Bata mwenyewe nimekwisha kumla, mara saba, na nimempika mimi.

Nyumba ya kwanza, ile ya mchungaji. Milango yote ya Mama Asha kaitoboa tundu la ufunguo kwa sindano. Mmoja tu hauna tundu. Ndio mlango ambao mwishoni tuliambiwa haukuwahi kufungwa kwa ufunguo.

Nyumba ya tatu, kisima. Kifuniko kinafunguka kuelekea nyumbani. Kitabu kabla ya mwisho hakisemi. Mwisho wake ulikuwa huo: kifuniko.

Nyumba ya nne nimekosa alama, nimeizungusha saa nzima. Ya pili imeliwa na panya upande mzima, na hapo panya wamemtetea. Ya tano, ngazi ina daraja moja lililo huru, ukiligusa linatikisika. Miaka yote hii nilidhani gundi. Niliwahi hata kuligundisha! Likafumuka, nikailaumu ile ya kopo jekundu. Ya sita, kitanda cha bibi harusi hakijabandikwa sakafuni, vingine vyote vimebandikwa. Mfu alikuwa chini ya kitanda.

Alikuwa anasoma. Kila kitabu. Anakwenda nacho Kwedizinga, anafumua uzi, anasoma sura yetu peke yake, anashona tena. Nimeangalia matundu ya sindano kwenye kitabu cha pamba. Hayajazidi. Mshonaji mzuri, kapita tundu lilelile.

Miaka saba nimekaa mbele ya mwanamke huyu nikisema ana jicho.

Kwa darasa langu ningeandika methali hapa. Kutwa nzima nafundisha methali. Sina hamu nazo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimegomba darasani bila sababu. Mtoto kaniuliza swali la sehemu nikamwambia aangalie jibu nyuma ya kitabu kama wenzake. Wakanitazama. Kitabu chao hakina majibu nyuma.

Jumamosi, 23 Agosti

Sikwenda. Nimemtumia ujumbe kuwa naumwa. Akanijibu nichemshe mchaichai na tangawizi, nijifunike, nisishike wembe nikiwa na homa. Nisishike wembe. Anajua ningeushika.

Nilichemsha mchaichai. Siumwi, lakini nilikunywa.

Nimejiuliza kinachoniuma hasa ni nini. Si kuku. Wala si kushindwa, nimeshindwa mengi. Ni ile robo saa. Ile tunapokaa na nyumba imesimama, watu wa udongo wako juu ya paa, uzi haujafumuliwa, na hakuna anayejua. Hapo ndipo nilikuwa na mtu. Sasa naambiwa nilikuwa peke yangu. Mwenzangu alikaa pale ananitazama kama unavyomtazama mtoto anayetafuta kiatu alichokivaa.

Sina rafiki mwingine. Naandika hivyo bila kujionea huruma. Nimehesabu.

Jumamosi, 30 Agosti

Amekuja mwenyewe. Hakupiga simu. Nimefungua mlango, yuko pale na kikapu cha mihogo na kitabu kipya kimefungwa kwenye gazeti.

Nyumba zote saba zilikuwa sakafuni, sikuwa nimezirudisha. Akaziona. Akaona nimeweka kidonge cha udongo penye kila kosa: kwenye mlango, kwenye kisima, kwenye daraja la ngazi, kwenye kitanda, kwenye ukuta wa manila. Akavua viatu, akakaa mkekani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na majibu ya kila uongo. Hakudanganya.

“Nimesoma, Mwalimu Feli. Zote saba. Unataka niape?”

Nikamwuliza kwa nini. Akasema yeye hawezi kujenga nyumba asiyoijua, mkono unakataa. Mtu akijenga bila kujua kilichotokea ndani, kajenga boksi tu. Alisema hivyo kwa utulivu, kama anaeleza jinsi ya kulowesha maharage. Kitabu cha kwanza alifumua ili ajue dirisha la mwisho linatazama wapi. Cha pili kwa sababu cha kwanza kilitoka vizuri.

Nikamwambia basi ungesema. Hapo ndipo alipokasirika yeye. Yeye!

“Nimesema! Kila nyumba nimekuwekea jibu humo humo ndani. Nikakaa nikangoja uone. Hata hii ya juzi ulibonyeza mwenyewe kwa kidole, nikasema leo kaona. Ukaniambia nimekosea. Miaka yote hii hujawahi kuangalia kazi yangu. Unaangalia ya kwako, yangu unaipima kwa rula.”

Nilipaza sauti. Nilisema kama hivyo ndivyo, kwa nini alipandisha mtu juu ya paa kila mara? Kwa nini alinyamaza akala kuku? Akasema, “Sasa nifanyeje, nijifanye mjinga?”

Nikapiga kelele mpaka jirani akazima redio asikie vizuri. “Ndiyo! Ujifanye mjinga! Tungekuwa wajinga wawili!”

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

Kisha Mama Asha akakifungua kile kitabu kutoka kwenye gazeti, akakisukuma kwangu mkekani. Sura ya mwisho ilikuwa imeshonwa tayari. Alisema hajaigusa, aliishona bila kutazama, kafumba macho kwa kweli. Akasema, “Safari hii kaa nacho wewe.”

Ningeweza kukichukua. Kilikuwa karibu na goti langu.

Nikamwambia akipeleke kwake akakimalize, ndiyo desturi yake.

Akavaa viatu, akachukua kitabu, akaacha mihogo. Mlangoni akaniambia kwaheri, Mwalimu. Hakusema Feli.

Jumanne, 2 Septemba

Mihogo ile ni mizuri. Nimeila yote kwa hasira.

Nimezungusha maneno yake siku tatu. Nusu ya siku nasema ni kisingizio. Mwizi kaacha alama, kakamatwa, anasema aliziacha kwa makusudi. Nusu nyingine nakumbuka nyumba ya tatu. Aliigeuza ile nyumba juu ya meza ili kisima kinitazame. Akakaa kimya. Nami nikaigeuza tena, nikasema ananiziba, natafuta mlango wangu wa jikoni.

Nakumbuka hivyo, au nimetunga. Sijui tena. Hata hilo kanichukulia.

Kama anasema kweli, basi alinidanganya na alinipenda kwa pamoja, kwa karatasi ileile ya manila. Sina mahali pa kuweka jambo kama hilo. Afadhali angekuwa mwongo tu, ningemchukia nikalala.

Alhamisi, 11 Septemba

Darasa la saba wamemaliza mtihani wao. Nimesimamia siku mbili nikitembea katikati ya madawati, nikizuia watoto wasitazamiane. Leo mmoja alitaka kuchungulia kwa jirani, akaniona, akainamisha kichwa. Nilimwonea wivu jirani yake. Angalau yeye hakujua.

Niliporudi nikachukua wembe. Nikaikata nyumba ya saba, nikatoa ukuta wa manila. Nikapima, nikakata boksi mara mbili, nikapaka gundi, nikaweka ukuta mnene kama kitabu kilivyosema sura kumi na nne mfululizo. Kabati likarudi mahali pake. Nikabonyeza. Haubonyei.

Sasa karani hawezi kupita. Tajiri amekufa na hakuna aliyemuua. Nimekaa nikaitazama kazi yangu. Safi. Pembe zote tisini.

Nimeharibu kitu pekee kilichokuwa sahihi ndani ya nyumba ile. Nilijua nikiwa nakata, na sikuacha.

Jumatano, 17 Septemba

Mwalimu Hoza kafanya semina Handeni wiki iliyopita. Leo, mdomo umejaa andazi, akaniambia kwamba kule watu wanamzungumzia yule mwenzangu. Kila Ijumaa jioni anakaa na darasa la tano la shule ya Kwedizinga chini ya veranda, anawasomea hadithi ya mauaji, kwa sauti zote, na watoto wanajenga nyumba kwa maboksi ya sabuni. Sura ya mwisho wameishona. Kitabu kimekaa kwa mtoto mmoja wa kike ambaye, anasema Hoza, hana hata sanduku la kukifungia.

“Mbona wewe hutufanyii hapa?” akaniuliza. Hakuwa anacheka. Hiyo ndiyo iliyonichoma.

Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha.

Kwa hiyo kitabu kipo kwa mtoto. Kile kile kilichokuwa karibu na goti langu. Na Mama Asha amekaa na darasa hajui mwisho wake, anaweza kukosea mbele ya watoto arobaini, na bila shaka anafurahi. Kajifunza kuwa mjinga. Kajifunzia kwa wengine.

Nimelia uani, nikiwa nafua, ili iwe na sababu ya maji.

Jumapili, 21 Septemba

Nimeandika ujumbe kwenye simu mara kadhaa. Wa kwanza ulikuwa mrefu, una matusi mawili. Wa mwisho ulikuwa shikamoo ya Mzee Ramadhani tu, mpelekee. Sikutuma hata huo.

Yeye pia kimya. Ni haki yake. Alikuja na kitabu na mihogo, mimi nikampa mlango. La kuvunda halina ubani.

Jumamosi, 27 Septemba

Jua kali, upepo kidogo. Nimekwenda stendi asubuhi bila safari. Muuza vitabu kaniuliza mwenzangu yuko wapi, nikasema ana kazi. Nikachagua kitabu kimoja, kina jalada lakini kimelowa zamani, kurasa zimevimba. Mwanamke kauawa kwenye nyumba ya wageni, karibu na reli. Ndugu wanne, shemeji mmoja, mlinzi.

Sikwenda nacho nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la saruji, upande wenye kivuli, na mama anayeuza machungwa. Nilianza kusoma. Hakuna uzi, hakuna boksi, hakuna kipimo. Magari ya Tanga yakaingia yakatoka. Wapiga debe walinichoka mapema, wakaacha kuniuliza naenda wapi.

Kufika sura ya sita nikasimama. Nikafunga macho. Nikaiona ile nyumba ya wageni yote, ukumbi, vyumba sita, bafu la pamoja, na nikamwona mtu anatoka bafuni na taulo kavu. Nikasema ni huyo. Nikaendelea kusoma bila haraka, nikala machungwa mawili, nikapita sura ya mwisho kama sura nyingine yoyote.

Ni yeye. Taulo kavu na yote.

Sijawahi kupatia. Hii ndiyo mara ya kwanza. Nilikaa na kitabu kimefunguka mapajani, moyo unaenda mbio kama wa mtoto aliyeitwa jina lake kwenye zawadi, na nikageuka kushoto kusema. Nikasema, kwa sauti: “Ni shemeji yake.”

Mama wa machungwa akaacha kumenya. Akaniuliza, kwa huruma, shemeji wa nani.

Nikamwambia si watu anaowajua. Akanipa pole. Nikapokea, nikalipa machungwa, nikarudi nyumbani kwa miguu.